Naomba ushauri: valvu ya ekzosi ya jetski imekwama

Assalamu alaikum wakuu. Nipo Nungwi, nina jetski (pikipiki ya majini) ya zamani ya injini ya stroku mbili. Inawaka vizuri na kuondoka vizuri, ila ukivuta resi mpaka mwisho haifiki mbio zake, inanguruma tu. Plagi ni mpya, kabureta imesafishwa.

Nimefungua kifuniko cha valvu ya ekzosi, ile inayopanua njia ya moshi resi ikipanda. Bapa la chuma limegandwa na masizi mazito yenye oili, ukilisukuma kwa kidole halirudi. Raba inayosukumwa na presha ya moshi ina ufa kwenye mkunjo. Nadhani ugonjwa upo hapo: presha ikivuja, valvu haifunguki, na injini haipumui kwenye resi kubwa.

Mafundi, masizi haya mnayatoaje bila kukwaruza chuma? Petroli na brashi laini vinatosha? Raba nitaipata Unguja au mpaka Dar? Gundi sitaki, pale kuna joto kali. Pikipiki za theluji za Kanada nazo zina valvu za namna hii, kwa hiyo aliyewahi kuzigusa hizo naye anisaidie. Na oili gani haiachi masizi mengi? Wageni wa Juni wanakaribia, naomba sana.