Gayogayo ana macho upande mmoja: niwaelezeje wanafunzi?

Mwl_Uyole: Wakuu habari za leo, na wakubwa shikamooni. Nafundisha bayolojia sekondari hapa Mbeya. Wiki iliyopita shemeji kaja na basi kutoka Dar na boksi la samaki wa barafu, mmoja wao gayogayo. Nikampeleka darasani. Watoto wangu wanajua perege, usipa na mbasa wa Kyela, huyu hawajawahi kumwona. Mmoja akauliza, "Mwalimu, huyu kazaliwa kilema?" Nikajibu juu juu, na mpaka leo roho inaniuma. Bado yuko kwenye friza, Jumatatu narudi naye. Nielezeje? Na Nyasa wapo?

Mvuvi_Kilwa: Mwalimu, si kilema hata kidogo. Akianguliwa yuko kama samaki wengine, jicho huku na jicho huku, anaogelea wima. Baada ya wiki kadhaa jicho moja linaanza kuhama, linapanda utosini na kuvuka mpaka linakaa jirani na lenzake. Ndipo anashuka chini na kulala ubavu. Kwa hiyo ule weupe si tumbo, ni ubavu wake wa pili! Hapo wengi hukosea. Makazi yake ni mchanga na matope. Anatikisa mapezi, mchanga unamfunika, yanabaki macho tu yakivizia kamba na visamaki. Rangi nayo anaibadili ifanane na alipolala. Kuna aina moja hutoa utomvu mweupe kwenye mashina ya mapezi, hata papa humtema.

Bwawa_Tukuyu: Nyasa hawapo, mkuu, lile ni ziwa la maji baridi na hawa wa pwani yetu ni wa chumvi. Jumatatu nunua na perege, uwapasue wote wawili. Perege utamkuta na kibofu cha hewa cha kumsaidia kuelea. Gayogayo mkubwa hana, maisha yake ni chini.

Dada_Iringa: Mlaze macho juu, tumbo likuelekee wewe. Kichwa kikiangalia kulia, huenda ni wa jamii ya Soleidae, kushoto, Bothidae. Ila tazama na pezi la mgongo: likianzia nyuma kabisa ya macho, huyo ni *Psettodes erumei*, ambaye macho yake huweza kuwa upande wowote.

Mwl_Uyole: Ndaga fijo! Nimemtoa sasa hivi: kichwa kushoto, pezi linaanzia mbele ya macho. Kisu cha kwanza Jumatatu nampa yule mtoto aliyeuliza.