Nashindwa kurudi baharini tangu mashua ipinduke. Je, imani yangu ni ndogo?

Mvuvi_Sahare:
Asalaam alaykum, na wengine habari zenu wakuu. Mimi mvuvi wa hapa Tanga, napandia Sahare. Kusi hii mashua yetu ilipigwa wimbi la ubavuni ikapinduka, usiku, mbali na pwani. Mwenzetu mmoja alifariki. Mimi niliponea dumu la mafuta, nimelikumbatia mpaka watu wa ngalawa walipotuona alfajiri.

Tangu hapo nashuka ufukweni, nabeba nyavu, nakumba maji chomboni, lakini ikifika kung'oa nanga miguu inakataa. Nafasi yangu kapewa kijana mwingine, nyumbani tunakula kwa deni la dukani. Mama anasema ningekuwa na tawakkul, yaani kumtegemea Mola, ningepanda. Naswali, nasoma Yasini, na bado naogopa. Nifanyeje?

Bi_Chumbageni:
Pole mwanangu, Mola amrehemu mwenzenu. Mama mheshimu, ila hapo simuungi mkono. Fungua Surat Taha. Musa, mtume mzima, alipoona kamba na fimbo za wachawi wa Firauni kama zinatembea, aliingiwa na hofu moyoni. Hakuambiwa huna imani. Aliambiwa usiogope, kisha akaamrishwa atupe kilichomo mkononi mwake wa kulia. Hofu ipo, na mkono unafanya kazi. Sura hiyohiyo, aya ya 25 na 26, ndipo alipoomba akunjuliwe kifua na arahisishiwe jambo lake. Ishike dua hiyo.

Kaskazi_Mpya:
Mkuu njoo inboksi, kuna mzee Pangani ana kombe la bahari, maji ya dua ya kunywa. Ukinywa hugeuki nyuma.

Bi_Chumbageni:
Wewe Kaskazi mwache mtoto wa watu. Hela ya unga hana, ya mzee wako ataitoa wapi?

Nahodha_Mstaafu:
Usianze na usiku wala na kusi. Ngoja matlai, majira ya upepo mwanana kati ya kusi na kaskazi, bahari ilale, chagua maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala kutoka sana, panda mchana na mtu unayemwamini. Msitoke ghubani, zungukeni kisiwa cha Toten mrudi. Ukitia mguu chomboni sema aliyosema Nuhu: Bismillahi majraha wa mursaha, kwa jina la Mwenyezi Mungu kwenda kwake na kutia nanga kwake. Na uvae jaketi la kuokolea. Mtume aliulizwa na mwenye ngamia, nimfunge au nimwache nitawakali? Akajibiwa mfunge, kisha utawakali. Vijana wa siku hizi nusu ya pili ndiyo mnayoipenda.

Dada_Ngamiani:
Mimi Mkristo, mnivumilie. Zaburi ya 56 inasema "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe", kwa hiyo siku ya hofu Daudi naye alikuwa nayo. Halafu kaka, unalala? Baada ya ajali ya basi mimi nilikuwa naiota kila usiku. Nilienda hospitali kuonana na mtu wa afya ya akili, na Jumapili kanisani nilikuwepo.

Mvuvi_Sahare:
Silali dada. Namsikia akiniita jina. Hata mke wangu sijamwambia. Hospitali nitakwenda wiki hii. Bi Mkubwa, shukran, mama nitamsomea hiyo Taha. Nahodha, jaketi gani mtu anaweza kuvuta nyavu akiwa nalo? Yale ya watalii yanabana makwapa.

Nahodha_Mstaafu:
Yapo membamba, makwapa wazi. La mtumba usilipe kabla hujalijaribu majini, maana povu likichoka halikuelezi. Matlai ikiingia nitafute Deep Sea, pale diko la wavuvi, asubuhi, tutatoka na ngalawa yangu.