Mjadala: Nafasi 12 za Morans, timu yetu ya taifa ya basketiboli ya wanaume, achague nani na achaguliwe nani?

MWANZISHAJI (Umoja, Nairobi)

Wadau, salamu. Tangu AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika ya basketiboli, ya Agosti 2025 iishe kule Angola, nasikia kauli mbili tu hapa Nairobi, iwe ni nje ya ukumbi wa Nyayo baada ya mechi za ligi au ndani ya matatu. Ya kwanza: "Leteni Wakenya wa majuu, hawa wa hapa wameshindwa." Ya pili: "Wa majuu ni watalii, wapeni vijana wa ligi nafasi." Kila anayetoa moja ya kauli hizo huongea kana kwamba kuna kocha aliyekaa mahali na Wakenya wote wamepangwa mbele yake, kazi yake ni kunyoosha kidole tu. Haiko hivyo, na ndiyo sababu nafungua mjadala huu.

Kinachouma tukiseme mapema. Uganda walikuwa Angola. Rwanda walikuwa Angola. Sudan Kusini walikuwa Angola. Sisi tulitazama kwa simu. Na hii ndiyo nchi iliyoandaa AfroBasket mwaka 1993 hapa hapa Nairobi ikamaliza ya nne, kisha ikakaa miaka 28 bila kurudi mpaka Kigali 2021.

Kigali yenyewe tulifikaje? Februari 2021, Yaoundé, dhidi ya Angola, mabingwa wa Afrika mara 11 wakati huo. Tulishinda 74-73 kwa mtupo wa Tylor Ongwae king'ora kikilia. Mtupo ule kila mtu anaukumbuka, mimi nauliza kuhusu kikosi. Ongwae alikuwa akicheza Denmark na Bakken Bears, lakini ni kijana wa hapa aliyetoka akasomea Marekani. Pembeni yake kulikuwa na watu wa ligi yetu hii hii. Kocha alikuwa Liz Mills wa Australia, aliyekabidhiwa timu mwaka huo huo, na ambaye Kigali alikuja kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume kwenye mashindano ya bara ya FIBA, shirikisho la basketiboli duniani. Huko tuliwafunga Mali 72-66. Sudan Kusini wakatutoa kwa 60-58.

Pointi mbili, jamani. Miaka miwili baadaye waliotutoa walikuwa Kombe la Dunia. Mwaka uliofuata, Olimpiki ya Paris, wakawapiga Puerto Rico 90-79, na kabla ya hapo London waliwasukuma Marekani mpaka wakafungwa kwa pointi moja tu, 101-100. Mtu ataniambia ni diaspora. Sawa, lakini tazameni ilivyopangwa. Luol Deng, nyota wa zamani wa NBA, ligi kuu ya Marekani, alichukua uongozi wa shirikisho lao mwaka 2019 na akatia hata pesa zake. Kocha Royal Ivey amekaa nao miaka. Kiini cha timu kilikuwa kinarudi kilekile, na hii ni nchi ambayo Juba haikuwa hata na ukumbi wa ndani wa maana. Walijua watu wao wako wapi na wanaweza kuja lini.

Sisi tunajua? Nafasi 12 za kikosi hujazwa na kalenda na karatasi kabla kocha hajafungua mdomo. Kalenda: madirisha ya FIBA, yaani vipindi vya mechi za mchujo, mara nyingi huangukia Novemba na Februari, wakati vyuo vya Marekani viko katikati ya msimu na havimwachii mtu. Wa Ulinzi Warriors wanahitaji ruhusa ya jeshi. Wa KPA, timu ya mamlaka ya bandari, na wa timu za benki wanahitaji ruhusa ya mwajiri. Kocha anatangaza 12 bora, wanaofika ni 12 waliopatikana.

Karatasi ndiyo wengi hawaijui. Kanuni za FIBA zinaruhusu timu ya taifa kuwa na mchezaji mmoja tu aliyepata uraia baada ya kutimiza miaka 16. Na kanuni hiyo inamhusu hata mtoto aliyekuwa na haki ya uraia tangu kuzaliwa ila hakuidai mpaka miaka 16 ikapita. Maana yake, mtoto wa mama wa Kakamega aliyezaliwa Texas, kama paspoti ya Kenya imekuja akiwa na miaka 19, anakalia kiti kile kile kimoja ambacho angekalia Mmarekani asiye na hata shangazi hapa. Katiba ya 2010, ibara ya 14, inampa uraia wa kuzaliwa kupitia baba au mama, popote alipozaliwa. Kabla ya hapo uraia wa nchi mbili ulikuwa umefungwa kwa mtu mzima, na nadhani wazazi wengi walizoea hivyo wakaacha.

Ninapendekeza mambo mawili. Shirikisho litoe kila Januari orodha ya wachezaji 30 hivi, wa ndani na wa nje, na kila jina liandikwe linapatikana dirisha lipi. Na kocha peke yake akate kutoka 30 hadi 12, asimame aeleze kwa nini. Karibuni mnipinge.

KOCHA WA SHULE (Ongata Rongai)

Ndugu, umeandika vizuri lakini umeruka jambo moja la maana. Mwaka 2019 kule Bamako, AfroCan ya kwanza, mashindano yaliyoundwa kwa ajili ya wanaocheza Afrika, Kenya ilifika fainali. Tukapigwa na Kongo ya Kinshasa, tukarudi na medali ya fedha. Sasa huyo anayesema wa hapa wameshindwa ameshindwaje kuliona hilo?

Mimi nafundisha vijana. Eneo hili lina Laiser Hill, kila mtu anajua shule za upande huu zimetoa wachezaji wangapi. Shida yangu na wa majuu haihusu kipaji chao hata kidogo. Ni siku. Anatua Jumatano, Ijumaa anaanza mechi. Basketiboli ya siku hizi ni kuongea: adui anawekewa skrini, yaani mwenzake anasimama kumzibia mlinzi wake njia, mlinzi wa nyuma lazima apige kelele "badilisha!" au "baki!" kabla mpira haujadunda mara mbili. Mkichelewa kidogo, mnakula pointi tatu za kona. Huwezi kufundisha hilo kwa mazoezi mawili kwa watu ambao hawajawahi kula meza moja. Kijana wangu wa ligi, hata kama ni mfupi kidogo na mtupo wake unayumba, ameshacheza na wenzake msimu mzima, anajua senta wake akikohoa anataka nini.

Halafu kuna dakika. Ukimleta pointi gadi, yule anayepandisha mpira, wa nje acheze dakika 34, yule wa Nairobi anapata zile za mwisho mechi ikiwa imeshaenda. Mwaka ujao wa nje anasema ana mkataba, haji. Unabaki na nani? Na kijana ambaye hajawahi kupanda na mpira mbele ya presha ya Senegal.

Nafasi zisizidi nne kwa wa nje. Ndiyo msimamo wangu.

MCHANGIAJI (Kayole)

Nne kwa nini, Kocha? Kwa nini si tatu au saba? Hiyo namba umeitoa mfukoni.

Na posho je? Watu wanabishana majina na mchezaji anakaa kambini akijiuliza kodi ya nyumba. Pesa ya timu za taifa inapitia hazina ya michezo ya serikali, ikichelewa kambi inakatwa siku, siku zikikatwa unarudi kwa hoja ya Kocha. Mimi naishia hapo, nina zamu.

DADA WA HAWKS (Buruburu)

Naona mtu wa kwanza mpaka wa tatu mnasema "timu ya taifa" na wote mnamaanisha wanaume. Nimezoea, lakini safari hii mnajinyima jibu.

Mwaka 2021, Kigali, Lionesses, timu yetu ya taifa ya wanawake, walitwaa ubingwa wa Kanda ya Tano ya Afrika mbele ya Misri na kufuzu AfroBasket ya wanawake Yaoundé. Timu ile ilikuwa na Victoria Reynolds kutoka Marekani na ilikuwa na wasichana wa ligi yetu waliokuwa wakishuka kwenye matatu na begi mgongoni. Hakuna aliyeuliza ni wangapi wa nje. Aliyekuja alikubali kukimbia mfumo uliokuwepo, na aliyekuwa hapa hakununa kuanzia benchi.

Kocha, shikamoo, nakuheshimu, lakini idadi maalum ni uvivu wa kuchagua. Mwaka mmoja huna senta mrefu nchini kabisa, utahitaji wawili wa nje pale chini ya kikapu na gadi wote uwatoe hapa. Mwaka mwingine ni kinyume. Mahali tunapofeli ni kwamba hakuna anayetazama shule kama Kaya Tiwi, wala Buruburu, wala za Magharibi, akaandika: huyu ana miaka 16, baada ya miaka minne tunamtaka acheze namba nne, yaani fowadi wa karibu na kikapu. Tunaanza kutafuta mrefu wiki ya kambi.

Na wale wa basketiboli ya watatu kwa watatu mbona hamuwataji? Timu zetu zote mbili, wanaume na wanawake, zilikwenda Birmingham 2022 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kikosi kina watu wanne. Wanne tu! Huko ukikosea jina moja umekosea robo ya timu.

MZAZI (Dallas, nyumbani ni Kisii)

Mwanzishaji, nimesoma hilo la miaka 16 nikasimama. Kijana wangu ana miaka 15 na miezi kadhaa, ameshanipita kimo zamani, na ana paspoti ya Marekani peke yake. Hakuna mtu aliyewahi kutuambia kitu kama hicho. Hapa tuko na vikundi vya Wakenya vya harusi, vya matanga, vya chama, vya kanisa. Cha kutuambia watoto wetu wadai uraia mapema hakuna.

Mnasema wa majuu ni watalii. Wengine hatujawahi kuulizwa. Uganda walimtafuta Ishmail Wainright, Mmarekani ambaye baadaye alicheza NBA, wakampa kile kiti kimoja, wakafika robo fainali Kigali 2021. Sisi kiti chetu huwa tunampa nani?

WAKILI (Upper Hill)

Nichangie kwa ufupi kuhusu orodha ya wazi. Sheria ya Michezo ya 2013, kifungu cha 58, inalipa Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo uwezo wa kusikiliza rufaa ya mchezaji aliyeachwa nje ya timu ya Kenya, ilimradi kanuni za shirikisho lake zinaruhusu rufaa hiyo. Ukichapisha majina 30 na sababu za kukata 18, jiandae kwamba mmoja wa hao 18 atakuja na karatasi zake. Sipingi uwazi. Nasema andika vigezo kwanza, vipitishwe, halafu ndipo uchapishe majina. Orodha bila vigezo ni mwaliko wa kesi, na kesi ikianza wiki ya kusafiri, timu inaondoka na wasiwasi.

MWANZISHAJI

Wakili, nimekupata, na hapo nakubali: vigezo vitangulie. Ila viwe vya kikapu. Nikiona kigezo cha "nidhamu na uzalendo" bila maelezo nitajua ni mlango wa nyuma.

Dada wa Hawks, umenishika vizuri, tena kwa mfano ambao ungefaa kufungua mjadala huu.

Mzazi wa Dallas, usisubiri shirikisho. Nenda ubalozini na cheti chake cha kuzaliwa na hati zako za Kenya, uulize utaratibu wa kumsajili na kumpatia paspoti, na uhakikishe tarehe kwenye karatasi inatangulia siku yake ya kutimiza 16. Kuna kesi ambazo FIBA wenyewe huweza kuzitazama kwa upekee, lakini usijenge juu ya huruma. Jambo jingine la kumwambia: akishachezea timu ya nchi nyingine mechi rasmi za FIBA baada ya miaka 17, mlango wetu kwa kawaida umefungwa.

Kuhusu kiti kimoja, naomba tusikimbilie kununua Mmarekani. Sudan Kusini walimpa Mmarekani Carlik Jones, ni kweli, na alistahili, lakini kuna kiini cha timu kilichokuwa kinamsubiri. Sisi tukimleta leo atampasia nani?

Kocha, nirudi kwako. Hoja ya siku nakubali yote, na ndiyo maana nataka orodha ya Januari: wa nje apewe video za mfumo na awe kwenye simu na kocha tangu mwanzo wa mwaka. Hoja ya "wasizidi nne" siikubali. Mwaka 2025 Nairobi City Thunder ilikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL, ligi ya klabu za Afrika, na ilikwenda Kigali na wageni kikosini. Vijana wetu waliokuwa nao wamejifunza mazoezini kuliko wangejifunza kwa kulindwa.

KOCHA WA SHULE

Marahaba, Dada. Na wewe ndugu, BAL ni klabu, wanakaa pamoja miezi. Umenipa mfano unaonisaidia mimi. Klabu ina muda, Morans hawana.

Haya, niondoe nne. Niweke hivi: asiyefika kambini siku kumi kabla ya mechi asiingie kwenye 12, awe wa Denmark au wa Donholm. Mwanachuo wa Marekani ambaye Februari haachiliwi, tumwite dirisha la kiangazi. Mnasemaje kuhusu siku kumi?

MCHANGIAJI (Kayole)

Nimerudi. Siku kumi na nani analipa hoteli?

DADA WA HAWKS

Siku kumi kwa Ongwae pia? Ungemwacha nje Yaoundé?