Tangi la kwanza la samaki wa mapambo: nianze na nini, na samaki waingie lini?

Mgeni_wa_Tangi
Wakuu, habari za kazi. Nipo Dar, nina tangi jipya la kioo, sentimita 60 × 30 × 36. Maji nyumbani ni ya bomba, yakikatika tunatumia ya kisima. Umeme nao hukatika mara kwa mara. Muuzaji anasema nijaze maji asubuhi, jioni niweke samaki. Ni sawa? Ninunue vifaa gani? Nawapenda gapi (guppy), na wale mbuna wa Ziwa Nyasa wa bluu na njano.

Mwanaziwa
Mkuu, jioni hiyo usiweke samaki. Maji yataonekana safi kabisa, lakini baada ya siku chache utawaona wanahema juu juu, mapezi yamebana, na utadhani ni ugonjwa. Hiyo ni amonia. Samaki wanaitoa kwenye matamvua, na chakula kinachooza kinaiongeza. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao wanakaa zaidi kwenye sponji ya chujio na kwenye changarawe. Kwenye tangi jipya wanahitaji kama wiki 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha.

Kwa hiyo osha changarawe kwa maji matupu, bila sabuni, mpaka maji yatoke safi. Kilo 10 zinakutosha kwa kina cha sentimita 3 na nusu hivi. Jaza maji, washa chujio usiku na mchana, halafu kila siku tupia chakula cha samaki kidogo, kile unachoweza kushika kwa ncha za vidole viwili. Kikioza kinatoa amonia ya kuwalisha bakteria. Nunua vipimo vya maji vya matone. Amonia itapanda kwanza, ifuate nitriti. Zote mbili zikisoma sifuri na nitrati ikawa imeonekana, tangi liko tayari. Maji yakiwa na ukungu mweupe wiki ya kwanza yaache, usiyamwage. Ukipata kipande cha sponji chafu kutoka kwenye tangi la mtu ambalo samaki wake ni wazima, kiweke karibu na chujio lako, muda utapungua sana.

Maji ya bomba yana klorini, inaua samaki na bakteria pia. Tumia dawa ya kuondoa klorini, au yaache kwenye ndoo wazi saa 24 hadi 48, ukiyapulizia hewa ni bora zaidi. Ya kisima yapime kwanza: visima vingi vya Dar vina chumvi, na pH (kipimo cha uchachu wa maji) ikiwa juu amonia inakuwa kali zaidi. Joto nalo linaizidishia ukali.

Fundi_Vioo
Naongezea upande wa vifaa. Tangi hilo likijaa lina uzito wa kilo 75 hadi 80, meza ya chipboard itapinda. Weka kwenye stendi imara iliyonyooka, mbali na dirisha la jua, la sivyo mwani utakusumbua.

Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa linakutosha. Pampu iwe juu ya usawa wa maji, au weka vali ya kuzuia maji kurudi kwenye mpira wa hewa. Bila hivyo, umeme ukikatika maji yanarudi kwenye mpira, yanaingia kwenye pampu na kumwagika hadi sakafuni. Hilo ni hatari ya shoti. Waya wa umeme nao uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yadondoke chini yasifike kwenye plagi.

Umeme ukikatika, usiwalishe. Pampu ndogo ya betri inasaidia. Huna, chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu kila baada ya muda.

Hita kwa Dar huhitaji. Walio Arusha au Nairobi wachukue ya wati 75 hadi 100, waiweke kwenye nyuzi 25. Taa saa 6 hadi 8 kwa siku zinatosha.

Tangi likivuja, usiruhusu silikoni ya bafuni. Nyingi zina dawa ya kuzuia kuvu, na inaua samaki.

Mgeni_wa_Tangi
Nashukuru sana wakuu. Na samaki wenyewe je?

Mwanaziwa
Anza na gapi madume 6. Ukichanganya na majike, watazaa karibu kila mwezi na tangi litajaa. Acha mfuko waliokuja nao uelee juu ya maji dakika 15, kisha ongeza maji ya tangi kidogo kidogo. Maji ya mfukoni usiyamwage ndani. Chakula ni kile wanachomaliza kwa dakika 2. Kila wiki badilisha robo ya maji. Sponji uikamue ndani ya ndoo ya maji uliyotoa tangini, kamwe usiioshe bombani.

Mbuna waache kwa sasa. Wanagombana kwa ajili ya eneo, wanataka tangi la urefu wa mita 1.2 na kuendelea, na watawatafuna gapi wako mapezi. Ukitaka samaki wa maziwa yetu kwenye tangi la ukubwa huo, siku nyingine tenga tangi la wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Hao wanataka mchanga na maji magumu (yenye madini mengi) na pH ya 8 na zaidi. Mchanga ukiuwekea tone la siki ukatoa povu, una chokaa; kwao unafaa.