Ubao wa jikoni wa muvula: doa jeusi, ufa, nianzie wapi?

Mama_Kadutu: Mafundi, habari zenu. Ubao wa juu ya kabati za jikoni, wa muvula (mvule), mita 2 kwa sentimita 60, unene sentimita 3. Kando ya lavabo (sinki) umeingia weusi, nyuma ya robine (bomba) kuna ufa wa kama sentimita 25, na palipowekwa sufuria ya moto pana duara jeupe. Javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo, nimepaka siku tatu, weusi uko palepale. Nibadilishe ubao?

Fundi Nguba: Usibadilishe, mama. Duara jeupe ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi, mbao yenyewe haijaguswa. Kazi iko kwenye weusi: maji yamekutanisha chuma na tanini, kemikali ya asili iliyo ndani ya mbao, na javeli haina nguvu hapo. Toa vanishi yote, piga msasa namba 80 kufuata nyuzi. Kisha asidi oksaliki, gramu 60 kwa lita moja ya maji ya moto, kwenye ndoo ya plastiki. Paka ubao mzima, si kwenye doa tu, usije ukabaki na kisiwa cheupe. Dakika 30, rudia ikibidi, osha mara mbili kwa maji safi. Vaa glavu, na usipige msasa kabla hujaosha, vumbi la asidi hiyo ni sumu. Ukikauka kabisa: msasa 120, mwisho 180. Barakoa usisahau, vumbi la muvula linawasha kifua.

Seremala wa Goma: Ufa usiuzibe kabla hujachungulia chini. Mbao hutanuka kwa upana wakati wa mvua na kunywea kiangazi. Ikibanwa na skrubu pande zote, lazima ipasuke. Matundu ya skrubu kwenye kabati yafanye marefu kuelekea upana wa ubao, weka washa (pete ya chuma) chini ya kichwa cha skrubu. Halafu chonga kabari nyembamba ya muvula, gundi isiyoogopa maji, igonge polepole, kesho yake randa. Unga wa mbao na gundi ni wa ufa mwembamba kama unywele. Kwenye ufa mpana utabanduka.

Mama_Kadutu: Asanteni sana. Kumalizia, jirani anasema nipake mawese.

Fundi Nguba: Mawese! Hayakauki hata mwaka, yatachacha na kukuitia sisimizi. Dukani uliza huile de lin, mafuta ya mbegu za kitani. Pangusa ubao kwa asetoni kwanza, kwa sababu muvula ina vitu vinavyochelewesha mafuta kukauka. Paka mara 3, kila mara futa yaliyobaki juu baada ya dakika 20, la sivyo yatanata. Kati ya mpako na mpako siku moja. Mvua za Bukavu zikishika, mbili. Vitambaa vya mafuta vitandaze nje, vikirundikwa huwaka vyenyewe.

Seremala wa Goma: Na waya wa kusugulia masufuria usiutumie hapo. Vipande vyake hubaki kwenye nyuzi, maji yakifika tu, vidoti vyeusi.