Tupeane uzoefu: laptopu iko njiani, kipi kitaongezeka na kipi kimeshalehemewa?

MwanaMvita
Hamjambo nyote. Uzi huu ni wa kila aliyelipia laptopu na sasa kazi yake ni kufungua linki ya mzigo asubuhi na jioni, nayo inamwambia jambo lile lile. Muda huo una faida yake. Oda ambayo haijatoka ghalani bado inabadilishika. Ikishapanda ndege ni yako kwa heri na shari. Tusaidiane mambo mawili: mashine hiyo itaongezeka nini ikishafika, na kipi kilipaswa kununuliwa kikiwa kamili tangu mwanzo? Tafadhali tajeni modeli kwa jina lake lote. "Core i5, RAM 8, ex-UK (mtumba wa Uingereza)" si modeli, hayo ni maneno ya kioo cha duka.

Bisibisi_PH0
Umesema kweli kuhusu jina, kwa sababu herufi moja hugeuza mambo yote. ThinkPad T480 ina matundu mawili ya RAM, ile kumbukumbu ya kazi ya mashine. T480s, sehemu ya RAM imelehemewa kwenye bodi, haichomoki, na tundu ni moja. T490 ni hivyo hivyo, nusu bodini nusu tunduni. T490s yote imelehemewa. X270 ina tundu moja, X280 haina hata moja. HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490 zina mawili mawili. MacBook Air tangu ile ya M1 ya mwaka 2020, RAM imekaa pamoja na prosesa na diski imelehemewa, basi hapo hakuna cha fundi.

Msitegemee tangazo la muuzaji. Kwa Lenovo, fungueni PSREF, tovuti yao ya vipimo, tafuteni modeli, someni mstari wa "Memory Slots". HP hutoa PDF inayoitwa Maintenance and Service Guide, ina picha ya kila skrubu. Dell, ukipewa ile service tag, namba ya mashine iliyo kwenye kibandiko, unaiingiza kwenye tovuti yao inakuletea kitabu cha mashine ile ile. Muuzaji asiyetaka kukutumia picha ya kibandiko cha chini kabla hujalipa, mwache na laptopu yake.

Njia ya mkato: ukiona LPDDR4X au LPDDR5, zile herufi mbili za mbele, LP, zinakwambia imelehemewa. Kuna LPCAMM2, iliyokuja na ThinkPad P1 Gen 7 mwaka 2024, ambayo ni LPDDR5X ya kufungua kwa skrubu, ila hiyo kwenye maduka ya mitumba bado ni ndoto.

Binti_wa_Kibokoni
Na tangazo likiandika "RAM hadi 32GB" je? Si maana yake naweza kuongeza?

Bisibisi_PH0
La, dada, hapo ndipo watu wanapoliwa. Mara nyingi maana yake ni kwamba kiwanda kiliuza modeli hiyo ikiwa na 32GB. Ile ya kwako imetoka na 8 iliyolehemewa, na itabaki 8. Uliza "matundu mangapi, na mangapi yako wazi?" Akikujibu "hadi 32" tena, jibu umeshalipata.

Ikishafika unahakikisha bila kugusa bisibisi. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance, kisha Memory. Chini utaona Slots used, labda 1 of 2, na Form factor. Ikiandika SODIMM, ni kipande cha kuchomoa. Ikiandika Row of chips, imelehemewa. Kwenye Linux ni sudo dmidecode -t memory.

Kago_Kilindini
Mimi nigusie safari yenyewe, maana hapo ndipo roho za watu huumia bure. Linki ikisema "label created", karatasi tu ndiyo iliyochapishwa. Sanduku huenda bado liko rafuni kwa muuzaji. Hesabu siku zako kuanzia pale inaposema mzigo umepokelewa na msafirishaji.

Bei ya kilo nayo ina mtego. Wasafirishaji wa ndege hupima uzito halisi na uzito wa ujazo, kisha wanakutoza ulio mkubwa. Ujazo ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5000 au 6000 kulingana na kampuni. Sanduku la 48 kwa 32 kwa 10 ni 15,360. Kwa 6000 unapata kilo 2.56, kwa 5000 kilo 3.07, hata kama laptopu na chaja yake hazifiki kilo mbili na nusu. Muuzaji akiingiza sanduku ndani ya sanduku jingine kubwa, unalipia hewa. Mwambie asifanye, lakini povu la pembeni asilitoe.

Betri ya akiba usiiagize ije peke yake ukidhani itapita kama kava ya simu. Betri ya lithiamu iliyo ndani ya mashine na iliyo peke yake zina kanuni mbili tofauti. Iliyo peke yake (namba yake ya usafirishaji ni UN3480), tangu Aprili 2016 hairuhusiwi kuwa kago kwenye ndege za abiria. Ndiyo maana hukwama au hurudishwa. Mtu akikubebea mkononi kutoka ng'ambo, mpaka wa kawaida bila kuomba ruhusa ya shirika la ndege ni 100Wh, na betri nyingi za laptopu ziko chini ya hapo.

Upande wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya: laptopu huingia chini ya namba ya forodha 8471, na ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki hapo ni sifuri. Wengi husikia "sifuri" wakafurahi mapema. VAT ya 16% ipo, IDF (ada ya tamko la uagizaji) na RDL (tozo ya reli) zipo, na hesabu ya VAT inajumuisha nauli na bima, si bei ya laptopu peke yake. Kuandikisha bei ya uongo kwenye ankara ni kujitafutia kesi, na mzigo ukipotea bima inakulipa ile bei ya uongo. Mzigo wa kuria aghalabu hushushwa JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, ukakaguliwa huko, ndipo ukashuka pwani kwa barabara, kilomita 480 hivi. Kwa hivyo "imefika Kenya" haimaanishi uanze kuchungulia dirishani.

Mbishi_wa_Likoni
Nitawapinga kidogo, msinikasirikie. Hii habari ya "nunua 8 leo uongeze baadaye" ilikuwa na maana RAM ilipokuwa rahisi. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM na SSD (diski za chipu) imepanda vibaya kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwenye seva za AI. Anayenunua leo afadhali achukue 16 iliyo ndani tayari kuliko kungoja kipande ambacho mwakani kinaweza kuwa ghali zaidi.

Pili, prosesa haibadilishiki. Laptopu za ofisini kwa miaka mingi sasa prosesa zake zimelehemewa. Utie RAM 16 kwenye X270 yenye prosesa ya kizazi cha 7, bado Windows 11 haiikubali rasmi, inaanzia kizazi cha 8 cha Intel pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na Windows 10 iliachwa kusaidiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Umepamba gari lisilo na injini.

Tatu, vinavyokufa kwanza si RAM. Ni betri, kibodi, bawaba na tundu la chaji. Ulizeni hizo kabla ya RAM. Ukiona kibodi imepigiliwa kwa pini za plastiki juu ya kava nzima, siku herufi moja ikifa unabadilisha kava yote.

Bisibisi_PH0
Shekhe, la tatu nakuunga mkono kwa mikono miwili. La pili pia, ila mtu wa Linux mwache, yeye na X270 yake wataishi vizuri.

La kwanza tugawanye. Iliyolehemewa, ndiyo, nunua kamili leo, na 16 ndiyo iwe chini kabisa. Yenye matundu mawili ni jambo jingine, sababu hata bila kuongeza kitu unaweza kubadilisha kipande kikifa. RAM ya bodini ikiharibika, dawa ni mashine ya hewa moto na fundi mwenye mkono usiotetemeka, na hao hawako kila kona.

Mpangilio nao una uzito wake. Kipande kimoja cha 16 ni njia moja ya kupitishia data kwenda kwa prosesa. Viwili vya 8 ni njia mbili, na picha zinazotoka kwenye prosesa yenyewe zinanufaika waziwazi. Ukiwa na 8 bodini ukaongeza 16 unapata 24: 16 za kwanza zinakwenda kwa njia mbili, 8 za mwisho kwa njia moja. Inafanya kazi vizuri tu.

Mkinunua, angalieni kizazi. DDR3 ya laptopu ina pini 204, DDR4 260, DDR5 262, na pengo la katikati haliko mahali pamoja, kwa hivyo ikikataa kuingia usiisukume. Kipande cha DDR4 cha 3200 kwenye mashine ya 2400 kitakwenda kwa 2400, hakidhuru.

Kufungua sasa. Zima kabisa, chomoa chaja. ThinkPad ina sehemu kwenye BIOS (mipangilio inayofunguka kabla ya Windows), Config kisha Power, ya kuizima betri ya ndani. Fanya hivyo kwanza. Modeli nyingine, ukishafungua kava, kitu cha kwanza ni kuchomoa waya wa betri kwenye bodi kabla hujagusa kingine. Bisibisi ni PH0, ndogo ya msalaba, yenye ncha nzima, maana iliyolika ndiyo inayokula vichwa vya skrubu. T480 ina skrubu sita ambazo hazitoki kwenye kava, usizivute. Kadi ya zamani ya plastiki inatosha kuachanisha kingo, anza upande wa bawaba. Usitumie kisu. Gusa chuma kitupu kwanza umwage umeme wa mwilini. RAM inaingia kwa mlalo, kama nyuzi 30, mpaka pini za dhahabu zimezama, halafu unaibonyeza chini hadi vishikio vya pembeni vilie "tk" pande zote mbili. Kikilia upande mmoja tu, rudia.

Ukiwasha baada ya kubadilisha DDR5, skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa. Inajifunza RAM mpya. Wengi hapa hushtuka, wakazima, wakarudi mwanzo.

Binti_wa_Kibokoni
Na diski? Duka moja wanasema "SSD yoyote ya M.2 itaingia".

Bisibisi_PH0
M.2 ni umbo tu, dada. Ndani yake kuna SATA, inayofika kama 550MB kwa sekunde, na NVMe, ambayo ya PCIe 3.0 hufika 3,500 hivi na ya 4.0 hadi 7,000. Tundu la SATA peke yake halitaiona NVMe hata ukiisomea dua. Urefu pia: 2280 ni milimita 80, 2242 ni 42, 2230 ni 30. Laptopu yenye nafasi ya 2230 haitameza 2280, lakini kinyume chake kinawezekana ukipata kile kipande cha kurefusha. Kwenye mashine nyembamba chukueni SSD yenye chipu upande mmoja. Yenye chipu pande mbili hubana kava.

Kabla ya yote, tafuta ufunguo wa BitLocker (kufuli ya Windows inayofunga diski), wenye tarakimu 48, kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Laptopu nyingi mpya huja zimeshafungwa bila mtu kuambiwa. Kisha chagua: kunakili diski nzima kwa programu ya Clonezilla kupitia kasha la USB la NVMe, au kuanza upya kwa flashi ya 8GB. Leseni ya Windows iliyokuja na mashine imefungwa kwenye bodi, haipotei kwa kubadilisha diski.

Chumvi_na_Jua
Mmesahau bahari. Hewa ya hapa ina chumvi na unyevu, na laptopu iliyotoka sehemu ya baridi ikifunguliwa papo hapo, mvuke hutulia juu ya bodi kama unavyotulia kwenye chupa ya soda. Iache ndani ya sanduku saa moja au mbili chumbani kabla ya kuiwasha. Kwa ex-UK iliyokaa dukani muda, kagueni skrubu za chini na mdomo wa USB: kutu ya kahawia au ukijani ni dalili ya yaliyo ndani. Pini za RAM zenye ukungu zisafisheni kwa alkoholi ya isopropili ya 99% na kitambaa kisichoacha nyuzi, si sanitaiza ya mkono, ile ina mafuta na gundi yake.

Betri nayo hupendelea baridi. Wekeni kikomo cha chaji 80% kwa anayekaa kwenye stima mchana kutwa, joto letu likichanganyika na 100% betri huzeeka upesi. Ya mtumba ipimeni kwa powercfg /batteryreport, mlinganishe Full charge capacity na Design capacity. 48Wh iliyobaki 26 mshushie muuzaji bei, asiwaambie "ni mpya kabisa".

Kago_Kilindini
Nyongeza kwa mpya: isipowaka ikitoka sandukuni msilie. Nyingi husafirishwa betri ikiwa imelazwa, haiamki mpaka uchomeke chaja. Na rekodini video tangu sanduku likiwa na gundi yake, namba ya mfululizo (serial) ya nje na ya chini ya mashine zionekane.

Binti_wa_Kibokoni
Swali la mwisho. Ya kwangu inatoka Marekani, chaja yake ina pini mbili bapa. Ninunue chaja nyingine?

Mbishi_wa_Likoni
Usinunue. Soma maandishi madogo: ikisema 100–240V, 50–60Hz, tofali lenyewe ni zima. Badilisha waya tu, na kama ni ule wa mdomo wa matundu matatu kama kichwa cha Mickey Mouse, unaitwa C5, chukua wenye plagi yetu ya pini tatu na fyuzi ya ampea 3. Adapta zile za kuchomeka juu ya plagi zinalegea, zinatoa cheche, achana nazo. Na kama ni Dell ya mdomo wa duara, ichunge pini nyembamba ya katikati: ikivunjika mashine haiitambui chaja, haijazi betri, na prosesa inatambaa. Watu wameshabadilisha bodi nzima kwa ajili ya pini ile.