Kennedy Otieno "alishiriki tu"? Hii sitaimeza

Wadau, naandika nikiwa na hasira na sina haja ya kuificha. Juzi nilienda siku ya wazazi katika shule anayosoma mpwa wangu. Kwenye korido wamebandika picha za mashujaa wa michezo wa Kenya: wakimbiaji, mabondia, vijana wa raga. Nikazunguka ukuta mzima nikitafuta mwanakriketi hata mmoja. Hakuna. Nikamuuliza mwalimu anayesimamia michezo, kwa heshima zote, mbona kriketi imeachwa. Akanijibu: "Kriketi, mzee, sisi tulishiriki tu. Hatukuwahi kuwa na mpigaji wa maana."

Tulishiriki tu! Mpwa wangu alikuwa amesimama hapo hapo, anasikia.

Sasa naomba mnisikilize. Tarehe 23 Februari 1996, Visakhapatnam, India. Kenya iko kwenye Kombe lake la kwanza la Dunia, na mbele yake ni Australia yenye Glenn McGrath na Shane Warne. Wachezaji wetu wengi walikuwa watu wa kazi za kawaida, kriketi wanacheza wikendi. Kennedy Otieno, mpigaji wetu, akaingia kufungua, yaani kupiga wa kwanza, akapata mikimbio (alama) 85. Tulishindwa kwa mikimbio 97, sikatai. Lakini mtu anayefunga 85 mbele ya hao jamaa hukuti kila mtaa. Siku sita baadaye, kule Pune, timu hiyo hiyo ya Kenya ikawatoa West Indies wote wakiwa na mikimbio 93 tu.

Kwa wasioujua mchezo, kufungua ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa mpigaji. Mpira ni mpya, mgumu kama jiwe, mshono wake umesimama, unapinda hewani halafu unaruka vibaya ukigusa ardhi. Mpigaji wa nne au wa tano mara nyingi anakuta makali yameshapungua. Wewe wa kwanza unayapokea yote kifuani. Halafu kuna jambo ambalo watu hawalisemi: mara nyingi Otieno alikuwa pia mlinda wiketi, yule anayedaka mipira nyuma ya mpigaji wa timu pinzani. Ova moja ni mipira sita, kwa hiyo ova 50 ni mipira 300. Yaani mara 300 unachuchumaa nyuma ya nguzo na kuinuka, juani, kisha unapewa dakika chache unywe maji, unafunga pedi za kupigia, na wewe ndiye wa kwanza kurudi uwanjani. Hebu jaribu kuchuchumaa mara 100 sebuleni kwako kisha uniambie habari za kushiriki.

Kuhusu mpigaji wa maana, twende 10 Oktoba 1997, Nairobi. Kenya dhidi ya Bangladesh. Otieno na Dipak Chudasama walifungua pamoja, na hadi wanatenganishwa ubao ulikuwa unasoma 225. Chudasama 122. Otieno 144. Kenya ikamaliza na mikimbio 347, wapigaji 3 tu wametolewa, tukashinda kwa mikimbio 150. Hiyo 144 hakuna Mkenya aliyeipita katika mechi za kimataifa za siku moja. Watu wamekuja na kuondoka, imebaki pale pale.

Na hapa ndipo moyo unaponiuma zaidi. Mwaka 2000 Bangladesh wakapewa hadhi ya Testi, zile mechi za siku tano za ngazi ya juu kabisa. Walikuwa wametufunga kwa mpira wa mwisho katika fainali ya ICC Trophy, mashindano ya kufuzu Kombe la Dunia, kule Kuala Lumpur, Aprili 1997, na wana mamilioni ya mashabiki. Siwanyimi haki yao. Ila mtu aliyewapiga 144 amecheza mechi 90 za siku moja na hakuvaa fulana nyeupe ya Testi hata siku moja. Hata moja! Mpigaji wa kufungua hupimwa kwa Testi, kwa kusimama siku nzima mrushaji achoke kabla yako. Otieno hakupewa mtihani, halafu leo anahesabiwa ameanguka.

Wengine mtaniletea wastani wake wa mikimbio ishirini na kitu. Sawa. Lakini angalieni alivyochezeshwa. Mwaka 2003 tulifika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mwaka 2004 Kenya ilicheza mechi mbili tu za siku moja. Mwaka 2005, sifuri. Nchi iliyotoka nusu fainali! Wakubwa wa dunia hawakutualika, na hapa nyumbani wachezaji walikuwa wanagoma kudai malipo yao hadi chama cha zamani cha kriketi kikavunjwa. Mpigaji anaishi kwa kukutana na warushaji wakali wiki baada ya wiki. Wetu alikaa miezi na miezi bila mechi, kisha anatupwa mbele ya mtu anayerusha kilomita 140 kwa saa na kuambiwa aonyeshe wastani. Mwaka 2014 hata hiyo hadhi ya mechi za siku moja tukaipoteza.

Mimi nilikuwepo Gymkhana, uwanja wa kriketi wa Nairobi, tarehe 24 Februari 2003, siku tuliyocheza na Sri Lanka katika Kombe hilo la Dunia. Siku kumi kabla ya hapo mrushaji wao, Chaminda Vaas, alikuwa ametoa wapigaji watatu wa Bangladesh kwa mipira mitatu ya kwanza ya mechi. Mitatu ya kwanza! Kwa hiyo alipoanza kukimbia kuja kurusha, sisi kwenye nyasi tulinyamaza, baba amenishika bega. Otieno akagonga popo, gongo lake la kupigia, chini mara mbili, akatulia. Alifika 60 siku ile, akawa ndiye aliyefunga nyingi katika 210 zetu. Mdogo wake, Collins Obuya, akarusha na kutoa wapigaji 5 kwa mikimbio 24 tu, Sri Lanka wakaisha 157. Baba yangu hakuwa mtu wa kulia. Siku hiyo alilia.

Nimechapisha karatasi ya matokeo ya 10 Oktoba 1997, ukurasa mmoja, maandishi makubwa. Jumatatu asubuhi naipeleka kwa mwalimu mkononi, na mpwa wangu atakuwa kando yangu. Mwenye picha nzuri ya Otieno akiwa na popo, ya siku zile za Gymkhana, naomba aiweke hapa kabla ya Jumapili.